Jicho la Pili la Dokta Eliamini

Mwezi uliopita tulimzika Dokta Eliamini kule Mlalo, na nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira hata nikashindwa kula. Msinielewe vibaya. Mazishi yalikuwa mazuri, watu walijaa mpaka barabarani, kwaya iliimba, wali ulitosha. Kilichoniudhi ni wasifu wa marehemu. Alisimama kijana mmoja wa kanisani, tai imemkaba shingo, akasoma: alizaliwa, akabatizwa, akasomea uganga, akatumikia zahanati za wilaya yetu, "na akiwa bado kijana alipata ajali kazini iliyompotezea macho yote mawili." Ajali! Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la akina mama pamoja na binti yangu Mwanaidi, nikajikuta nimeshainuka nusu, mtandio umeanguka. Mwanaidi akanivuta, "Mama, kaa, watu wanaangalia." Nikakaa. Lakini tangu siku ile sina raha. Gari likitumbukia korongoni kwenye zile kona za Soni, hiyo ndiyo ajali. Jiwe huokotwa, hupimwa mkononi, hurushwa, na lile lililompasua Dokta Eliamini jicho la kushoto nililirusha mimi, Zahara, kwa mkono huu huu ninaoandikia. Jicho la kulia, ambalo hakuna aliyeligusa, ndilo linaloniumiza zaidi. Hayo ndiyo nitakayoeleza, na nitaeleza mwaka ule mmoja tu, maana mingine haina neno.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeolewa katika kijiji cha juu ya Malindi, ile ya huku kwetu Lushoto. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, vyumba viwili. Mbele tulipokea wageni, nyuma tulipika na kulala, mimi na mume wangu Athumani na Mwanaidi, ambaye alikuwa na miaka mitatu. Juu ya mafiga ilikuwa dari ya fito, na juu ya dari mahindi. Sisi watu wa milimani tunalala chini ya mahindi yetu. Ukungu wa huku utayaozesha ukiyaweka penginepo, kwa hiyo yanakaa kwenye moshi, na panya nao wanakaa humo humo. Tuliwazoea. Mwaka ule, mvua za vuli zilipoanza, panya wakaanza kuanguka. Wa kwanza aliangukia karibu na chungu cha maharage mchana kweupe, angali hai, akapepesuka kama mlevi wa dengelua, ile pombe yetu ya miwa, kisha akafa. Mtu mzima yeyote wa Lushoto aliye na umri wangu anajua maana yake. Panya wakijifia ndani, tauni iko mlangoni. Na tulikuwa tumeshaambiwa mkutanoni na huyo huyo Dokta Eliamini, mganga wa zahanati yetu: msiwaguse, msiwapige, semeni haraka ili nyumba inyunyizwe dawa ya viroboto kwanza, kwa sababu panya akipoa, kiroboto humkimbia na kutafuta damu yenye joto. Tulijua! Lakini dawa ile ilikuwa unga mweupe wenye harufu kali, na wanyunyizaji walipanda mpaka darini. Nani angekubali mahindi ya mwaka mzima yapakwe sumu? Kijiji kizima tulifanya jambo moja bila hata kuambizana. Tulinyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunawaambia watoto, na sisi wakubwa tulikuwa tunaficha panya.

Athumani alikuwa mtu wa mizaha, hata msibani alitaka kuchekesha. "Leo tunawamaliza hawa wapangaji wasiolipa," akasema, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia, akapanda darini na rungu. Mimi nikabaki chini na mchi wa kinu. Aliwapiga kule juu wakadondoka, nami nikawaponda. Sitadanganya, nilifurahia. Damu ilirukia ukutani, ikarukia shuka, ikaingia kwenye unga. Mmoja alining'ang'ania pindo la kanga, nikampigiza kwenye figa mara tatu mpaka fuvu likapasuka, na Athumani akapiga makofi kutoka darini, "Mpe! Mpe tena!" Tulipomaliza walijaa ndoo mbili. Tukakaa mkekani tunahema na kucheka, Mwanaidi akafungua mlango akaja kukaa katikati yetu, nami nikahisi vitu vinaniuma vifundoni. Nikajikuna, basi. Mama mkwe wangu, Bi Zaina, aliyekaa nyumba ya pili, akaja na jivu akanyunyiza sakafuni akasema tumefanya kazi ya watu kumi. Siku ile tulikula ugali na mnavu kwa hamu kubwa sana.

Siku ya nne Athumani aliacha jembe shambani akarudi anatetemeka. Kesho yake mtoki ukatoka kinenani, mkubwa kama yai la kuku, mgumu, ngozi yake inang'aa. Hakuweza kubana miguu. Shuka likiupitia alipiga yowe, yeye aliyezoea kucheka hata akichomwa miiba. Nikasema twende zahanati. Bi Zaina akanitazama kama niliyemtukana. "Wampeleke kwenye kambi ya wenye tauni akafe peke yake kama mbwa? Mtoki ni uchafu, na uchafu hutolewa. Baba yake nilimpasua mimi, akapona." Tukamficha kwenye kibanda cha katikati ya shamba la miwa. Pale ndipo alipompasua, kwa wembe mpya, na mimi nilishika miguu. Alimpa Athumani kipande cha muwa ang'ate. Wembe ulipoingia aliukata muwa vipande viwili kwa meno, na mguu wake ukanipiga kifuani nikaangukia ukutani. Ilitoka damu nyeusi na maji mazito, si usaha wa kawaida. Bi Zaina akabonyeza kwa vidole gumba viwili, akabonyeza, mwanawe akilia, "Mama, niache, niache nife." Akapaka jivu na majani yaliyopondwa. Mwanamke yule alimpenda mwanawe kuliko roho yake, nataka lieleweke hilo. Aliosha mikono akalia mpaka kamasi zikamfika kidevuni.

Nani alikwenda kusema, sijui hadi leo. Dokta Eliamini alifika asubuhi iliyofuata, ameloa mpaka magotini kwa umande. Alikuwa mwembamba, mweusi tii, mwenye umri wa miaka thelathini hivi, na sauti ya chini ambayo ilinikera kwa sababu haikupanda hata siku moja. Aliinama mlangoni mwa kibanda. "Shikamoo, Bi Zaina." Bi Zaina alikuwa amekamata panga. Lakini shikamoo haikataliwi huku kwetu, hata na mwenye panga. "Marahaba," akajibu, na panga likashuka. Dokta akafunua kidonda. Kisha akachoma sindano ya dawa pajani, akachukua bomba jingine tupu, akalidunga pembeni ya mtoki, akavuta. Niliona kwa macho yangu. Lilijaa kitu chekundu chenye ukungu, akakitia kwenye kichupa, akakifunga kwa plasta, akakiandika, akakiweka kwenye kisanduku cha bati. "Hiki kinakwenda wapi?" nikauliza. "Kwenye hadubini, Lushoto. Lazima tuhakikishe ni mdudu gani." Sikujua hadubini ni nini. Alasiri ile ile Athumani alianza kutapika damu, ncha za vidole zikawa nyeusi, akafa ameushika mkono wangu kwa nguvu kiasi kwamba Bi Zaina alivibandua vidole vyake kimoja kimoja.

Mtu akifiwa hivyo anatafuta wa kumpiga. Angekuwapo Mungu pale mlangoni ningempiga yeye, astaghfirullah. Wanawake walipokuja kunipa pole, walinikuta nazungumza bila kupumua: alikuwa hai mpaka yule bwana alipomdunga, alimvuta damu, nimeona, akaifungia kwenye sanduku. Wakatazamana. Mmoja akasema taratibu, "Mumiani." Tulilelewa na neno hilo, wanyonya damu wanaouza damu ya watu, na bibi zetu walitutishia nalo tusiende mbali tukitafuta kuni. Neno likatoka chumbani kwangu likaenda kisimani, likarudi limeshakuwa na vichupa kumi, na mnunuzi, na gari jeupe linalosubiri Soni. Sikulikana. Lilinipa nguvu, kwa kweli, kama mtu aliyekula baada ya kufunga.

Siku ya maziko Dokta akaja na wanyunyizaji wawili waliobeba mabomba mgongoni. Akasema maiti isioshwe. Akasema atakayemwosha atamfuata. Shehe wetu mwenyewe alikuwa amekubali, alisema dharura ina hukumu yake na marehemu atafanyiwa tayamamu kwa vumbi, lakini nani alimsikiliza? Mume wangu aingie kaburini na damu ya matapishi kidevuni? Bi Zaina alipiga ukunga. Wanaume wakawasukuma wanyunyizaji, bomba likaanguka, unga mweupe ukamwagika uani, kuku wakakimbia. Mtu akampiga Dokta fimbo ya mgongo. Akayumba, hakukimbia, akainua mikono miwili akasema, "Ndugu zangu, kuna watoto ndani ya nyumba ile. Acheni tunyunyize, kisha mnipige." Ndugu zangu! Mawe yakaanza kuruka. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti, hatua tatu nne kutoka kwake, na miguuni pangu palikuwa na jiwe la kusagia chumvi, dogo, la mviringo. Nikaliokota. Aligeuka akaniangalia. Nikarusha.

Jiwe lilipompata, sauti yake ilikuwa ndogo tu. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, akajishika uso, na kati ya vidole vyake kukatoka damu na kitu kingine, maji mazito kama ya yai. Umati ukatulia ghafla. Nesi wa zahanati aliyekuwa amesimama njiani na kisanduku akakitupa akakimbia, na tukasikia baadaye kwamba hakusimama mpaka Soni. Vijana wakakivunja kile kisanduku kwa jembe wakachoma vichupa. Athumani tukamwosha. Wawili kati ya walioshiriki kumwosha tuliwazika kabla ya wiki kwisha.

Polisi alikuja. Alimkuta Dokta kazini zahanati, bendeji kichwani, vioo vya madirisha chini, na mimi nilikuwa nimejibanza nje kwenye ukuta nikingoja kusikia jina langu. "Nani aliyerusha?" Dokta akasema, "Mawe yalikuwa mengi, afande." "Hukuona hata mmoja?" "Sasa nitaonaje, na jicho ndilo hilo limekwenda?" Yule askari akacheka. Mimi nilirudi nyumbani, na badala ya kumshukuru nikamchukia zaidi. Ndivyo ilivyo ukimdhulumu mtu naye asikulipe.

Nyumba yetu haikunyunyizwa. Siku nane baada ya maziko Mwanaidi aliamka hataki uji. Nilipombeba akalia nilipomgusa kwapa. Nikainua mkono wake mdogo, nikaona uvimbe wa ukubwa wa korosho. Bi Zaina alikuwa nyuma yangu, na niliposikia anafungua karatasi ya wembe nilimgeukia, mimi niliyekuwa simnyanyulii hata macho, nikamnyang'anya, nikakatwa kiganja, nikamwambia, "Mama, ukimgusa huyu nitakuua." Aliona kwamba nasema kweli. Nikamfunga mtoto mgongoni nikapanda kilima mbio.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja kirefu, magodoro sita chini, harufu ya dawa na mkojo na viazi vilivyoungua, kwa sababu nesi alikwishakimbia na Dokta ndiye aliyepika. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Akanitazama kwa jicho lile moja. "Mlaze hapa," akasema. "Shingo imekaza? Ametapika? Tangu lini joto?" Basi. Hakuna kingine. Akachemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa, akamchoma, na Mwanaidi akapiga kelele za kuvunja mabati. "Asubuhi na jioni, siku kumi, bila kukosa hata moja," akaniambia. "Ukikosa, mdudu anarudi na nguvu."

Nilikaa pale. Nilifagia, nilipika, nilimwaga ndoo. Kesho yake likaja gari la wilaya kuleta dawa, na ndani yake alikuwamo daktari mkubwa, mtu mzima mwenye miwani. Akamfungua Dokta bendeji karibu na dirisha. Sikuwa najificha, nilikuwa namlisha Mwanaidi hatua mbili kutoka kwao. "Eliamini, hili limekufa, na wewe unajua," akasema yule mkubwa. "Leo siku ya tisa. Litolewe kabla ya wiki mbili. Likikaa zaidi, unajua litakalofanya kwa mwenzake." "Najua." "Twende sasa hivi." "Nani atawachoma hawa?" Mkubwa akavua miwani. "Sina mtu. Kila kijiji kina kilio. Nitakutafutia." "Basi niletee gari siku ya kumi na tatu," akasema Dokta, "nami nitajitahidi kuwapunguza."

Jioni ile nilimuuliza. Nilikuwa nimemmenyea kiazi, yeye kakaa kwenye ngazi. Nikasema, "Dokta, jicho limekufa, litafanya nini kwa la pili?" Alifikiri kwanza, kisha akaanza mbali, kwa Mwanaidi. Akaniambia mtoki si ugonjwa. "Damu ina walinzi wake, chembe nyeupe. Mdudu wa tauni akiingia kwa mdomo wa kiroboto, wanamfukuza, wanammeza, wanamburuta mpaka kwenye tezi, kwapani au kinenani. Vita inapiganwa pale. Uvimbe ule ni vita, joto lile ni vita, na usaha ni maiti, zao na za wadudu pamoja. Ukipasua kwa wembe unabomoa boma kabla vita haijaisha." Hakutaja jina la Athumani. Nikamwambia, kwa ukali, kama kuna walinzi mbona watu wanakufa? "Kwa sababu mdudu huyu mjanja. Mlinzi akimmeza, mwingine hafi, anazaana humo humo tumboni mwake. Na mwili ukizidiwa hupiga ovyo. Hujiunguza kwa joto, hupasua mishipa yake yenyewe. Wengi niliowazika waliuawa na vita yenyewe, si na mdudu peke yake." Akala kipande cha kiazi. "Sasa jicho. Jicho mwili haulijui. Limefungiwa chumbani tangu kuzaliwa, walinzi hawajawahi kulinusa. Siku likipasuka, vitu vyake vinamwagika kwenye damu, na mlinzi anasema, huyu nani? Mtoto wa ndani ambaye hajawahi kutoka, siku akitoka uani mbwa wa nyumbani humng'ata. Na mbwa akishamjua harufu, anakwenda kutafuta wengine wenye harufu ile ile. Anamkuta mmoja tu." Akagusa shavu chini ya jicho lake zima. "Si kila mtu humtokea. Lakini likitolewa mapema, mbwa hapati nafasi ya kujifunza."

Nimeyasikia maelezo hayo tena baadaye, kwa maneno ya kitaalamu, maana wajukuu wanasoma na nawauliza. Wananiambia ni kweli tupu. Yeye hakusema kwamba kijiji nacho ni mwili, na kwamba mgeni aliyekuja kututetea ndiye tuliyempiga. Nasema mimi, na imenichukua uzee wote kulisema bila kujitetea.

Siku ya kumi akaniita. "Mama Mwanaidi, unao mkono mzuri. Jana nimekuona unamenya." Akanipa bomba la sindano na tunda la peasi. Msimu wa mapeasi ulikuwa umeanza, zahanati ilikuwa na kapu zima la shukrani za watu. Nilidunga mapeasi mpaka yakatoa maji kila upande. Akanionyesha kuvuta dawa, kutoa hewa, kugawa tako mafungu manne na kuchoma fungu la juu la nje. Siku ya kumi na moja nikamchoma mzee mmoja wa jirani yetu, Mzee Singano, aliyekuwa na mtoki wa shingoni. Akauliza, "Bado tu?" na mimi nilikuwa nimeshachomoa. Wagonjwa wote wakacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu zile ndoo mbili za panya. Siku ya kumi na mbili niliwachoma wote sita, asubuhi na jioni, isipokuwa Mwanaidi. Yeye nilimwachia Dokta. Akakaa kitini ananitazama, akasema, "Sasa naweza kwenda."

Gari likaja siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, mvua inanyesha. Dereva akasema mganga wa kushika nafasi atafika Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi. Siku nne. Dokta alishafunga begi lake, amevaa koti. Akaniita mbele ya dereva, akaniwekea chupa za dawa mezani kwa mstari, na karatasi, kila mgonjwa na kipimo chake. "Siku nne tu, asubuhi na jioni. Kwa mtoto, nusu ya hiki. Unaweza?" Mwanaidi alikuwa amelala nyuma yangu. Joto lilikuwa limerudi usiku wa kuamkia siku ile, kidogo, lakini lilikuwa limerudi. Nikaiona sindano mkononi mwangu mwenyewe inaingia mwilini mwake, na dawa imezidi, au imepungua, au ametapika damu kama baba yake na hakuna mtu wa kukimbilia ila mimi. Nilijua ninaweza. Wallahi nilijua. Na nilijua siku ya kumi na nne ni kesho, nilikuwa nazihesabu kuliko alivyozihesabu yeye. Nikainua mkono juu ya meza nikasema, "Siwezi, Dokta. Tazama mkono unavyotetemeka."

Akautazama. Aliutazama mpaka dereva akakohoa. Kisha akavua koti, akalitundika msumarini. Akamwambia dereva, "Nenda. Nitakuja atakapofika huyo mwenzangu." Dereva akabisha, akataja maneno ya yule mkubwa, akapiga mpaka ngumi mlangoni kwa uchungu. "Nenda, bwana, njia itakatika," akasema Dokta, na akaenda kuchemsha sindano. Mwanaidi akachomwa na mkono wake.

Mwenzake hakufika Jumatatu. Mvua ilikata barabara, akafika wiki iliyofuata, na Dokta alipotolewa lile jicho bovu siku zilikuwa zimepita ishirini. Mwanaidi alikuwa anakimbiza kuku. Alirudi kazini, na kwa mwezi mmoja tukadhani Mungu ametusitiri. Kisha siku moja akasema mwanga wa jua unamuuma, na jicho la kulia, zima, lisiloguswa na jiwe wala ukucha wa mtu, lilikuwa jekundu kama nyanya. Walimpeleka hospitali ya macho, safari ya siku nzima. Walimpa dawa za kuwatuliza walinzi wake mwenyewe. Mke wake alinisimulia alivyokuwa akipiga kichwa ukutani kwa maumivu, yule mtu ambaye sauti yake haikupanda. Waganga walimwambia huenda lingekufa hata kama angewahi. Huenda. Nimejaribu kuliegemea neno hilo mara nyingi, na kila mara limenitupa chini.

Alikuja kijijini mara ya mwisho kabla mwaka haujatimia tangu panya wa kwanza aanguke, wakati wa kuvuna maharage, kuchukua vitu vyake zahanati na kuaga. Mke wake alimshika mkono. Kijiji kizima kilitoka, wale wale wa mawe, wamebeba kuku na mayai na mikungu ya ndizi, wanalia. Akaomba aje kwetu. Aliketi chumba cha mbele, chini ya ukuta ambao nilikuwa nimeupaka udongo mpya, akamwamkia Bi Zaina shikamoo, na Bi Zaina alipoitika sauti ilimkatikia, akakimbilia jikoni, na mke wake Dokta akamfuata. Tukabaki yeye, mimi na mtoto. "Mwanaidi yuko wapi?" Nikamsukuma mbele. Akampapasa kichwa, bega, akainua mkono akabonyeza kwapa kwa vidole viwili, polepole, kama fundi anayekagua kazi yake. "Safi," akasema. "Mwili wake unaijua tauni sasa. Haisahau." Mtoto akatoka kukimbilia kuku. Nikapiga magoti sakafuni. Nikasema, "Dokta, lile jiwe," na akaniinulia kiganja. "Jiwe nalijua. Ulikuwa umefiwa." Nililia kwa sauti, na sitaficha, nililia kwa nafuu, nikidhani ndiyo yamekwisha, nimesamehewa, nitalala. Akanipa muda. Akakitafuta kikombe kwa vidole, akanywa chai, akakirudisha juu ya meza taratibu mpaka aliposikia kimekaa.

"Lakini siku ile ya gari, Mama Mwanaidi," akasema, "nilikuwa bado na jicho moja. Niliutazama mkono wako. Haukutetemeka."